Safari ya Beni Isiyo na Sababu

Mkuu mpya wa lycée, shule yetu ya sekondari ya wasichana, ameniomba niwaandikie ninyi wawili mnaobaki kwenye atelier ya kufunga vitabu, ili kazi isipotee pamoja nami. Nilimwambia kwamba kazi haipotei, inaharibika tu polepole kama gundi ya juzi. Lakini aliomba kwa heshima, na siku hizi nina muda mwingi kuliko nilivyozoea. Nyumba imekuwa kimya tangu tulipomzika Mama Masika, mke wangu, msimu wa mvua uliopita. Basi naandika. Baada ya shule ya msingi nilisoma miaka miwili tu, kwa hiyo mkikuta sentensi iliyopinda, inyosheni kama mnavyonyosha karatasi iliyolowa, yaani kwa uzito na uvumilivu, siyo kwa pasi.

Siku yangu ya kwanza sikugusa kitabu. Papa Kakule, aliyekuwa fundi kabla yangu, alinipa sufuria na mwiko, akanionyesha moto. Gundi yetu ni unga wa muhogo. Unauchekecha mara mbili, unauvuruga kwanza katika maji baridi, ndipo unauweka motoni, na hauachi kukoroga hata mtu akikuita kwa jina la baba yako. Mwishoni Papa Kakule alitia pilipili ya kusaga, kwa sababu panya wa Butembo wanapenda ugali hata ukiwa ndani ya jalada. Gundi yangu ya kwanza ilijaa madonge. Aliitazama, akaitazama tena, kisha akaniambia, "Kambale, hii tutakula na sombe." Na kweli nilitumwa niipeleke nyumbani, ikaliwe na hayo majani ya muhogo.

Sindano nilipewa baadaye sana. Uzi tuliupitisha kwenye nta ya mshumaa uliobaki kanisani, na mfupa wa kukunjia karatasi ulitoka kwenye mguu wa ng'ombe, ukasuguliwa kwa msasa mpaka ukalainika kama sabuni iliyotumika. Mfupa huo uko kwenye droo ya kushoto, na naomba usigeuzwe kuwa kijiko.

Somo lililonikaa zaidi lilitokana na kitabu cha misa cha padri mmoja mzee. Mchwa walikuwa wamekula karatasi kadhaa katikati. Nilikuwa kijana na mwandiko wangu ulisifiwa, kwa hiyo niliazima kitabu kingine cha aina ileile, nikaanza kunakili maneno yaliyopotea. Papa Kakule akaninyang'anya kalamu.

"Unafanya nini?"

"Narudisha kurasa, Papa."

"Ulizikula wewe?"

"Hapana."

"Donc, hauwezi kuzirudisha. Pale karatasi imepotea, weka nyeupe. Kitabu kijue chenye kinakosa."

Tukashona karatasi nyeupe, sawasawa na idadi ya zilizoliwa. Padri alipokuja akafungua pale, akapitisha kidole juu ya weupe, akasema anazijua kwa moyo hata hivyo. Tangu siku hiyo nimefuata kanuni hiyo. Fundi wa vitabu hashoni asichokuwa nacho.

Sasa nifike kwenye kitabu kilichonisumbua kuliko vyote. Kilikuwa mkusanyo wa hadithi fupi za zamani, kutoka nchi mbalimbali, zote kwa Kifaransa, kilichosomwa na wasichana wa madarasa ya juu. Lycée ilikuwa na nakala nyingi. Papa Kakule alikuwa ameshastaafu na kufa, nami nilikuwa peke yangu kwenye atelier, ndipo nilipogundua kwamba kila nakala ilirudi imevunjika mahali palepale. Ningeishona, nikaibana kwenye presse, nikaipeleka. Baada ya miezi michache inarudi na ufa uleule, na pembeni mwa ukurasa ule alama za vidole gumba, zimekolea kama kizingiti cha jikoni. Nilikumbuka Papa Kakule alivyosema: "Kitabu kinavunjikaka pale mutu anasimamaka." Nikaona ni afadhali nisome, nijue wasichana wanasimama wapi.

Kifaransa changu ni cha kutembea na fimbo, lakini kilinifikisha. Hadithi ilikuwa fupi. Katika nchi ya baridi aliishi mke wa mwuza ngano, kando ya mto mpana. Kila siku alikiona kivuko kinavuka na kurudi. Yeye hakuwahi kuvuka ila pamoja na mumewe, au kwa kutumwa na mumewe. Siku moja alivua aproni, akapanda kivuko. Mwenye kivuko akamuuliza anakwenda kwa nani. Akajibu kwamba haendi kwa mtu. Ng'ambo aliketi juu ya jiwe, akala kipande cha mkate, akaitazama nyumba yake ilivyo ndogo ukiwa upande ule. Jioni akarudi, akapika. Mume akauliza, ulikuwa wapi? Ng'ambo. Kufanya nini? Mke akamwekea supu. Hadithi iliishia kwenye supu.

Ukurasa wa vidole gumba ulikuwa ule wa jiwe.

Mwalimu wa Kifaransa wakati huo alikuwa Madame Agnès, mtu wa Kasai, aliyeletwa na serikali na kubaki kwetu miaka mingi akilalamikia baridi yetu. Nilimuuliza kwa nini ile na si nyingine, maana kitabu kilijaa hadithi za wake. Mmoja alikuwa anajifungia na kulia, mwingine alikuwa anakimbia na mpiga kinanda, mwingine alikuwa anakunywa sumu.

"Papa Kambale," akaniambia, "waandishi wa zamani walimwona sana huyu mwanamke. Karibu kila mmoja alimwona amesimama dirishani. Mais wengi wanamuua kabla ya ukurasa wa mwisho, kwa sababu hawajui wamupeleke wapi. Huyu wa kivuko anarudi nyumbani na anapika. Watoto wanashangaa. Wanasema, kumbe mutu anaweza kwenda na hapana kufa."

Mambo yangeishia hapo kama baba mmoja hangemkuta bintiye akimsimulia mama yake hadithi ile jikoni. Alikuwa rais wa kamati ya wazazi, mfanyabiashara wa bati na misumari, mtu mkarimu ambaye paa la atelier yetu limetoka kwake. Alikuja na kitabu kwapani. Tulikuwa watu watatu chumbani, yeye, Madame na mimi.

"Kama huyu mwanamuke angekuwa na bwana kule ng'ambo, ningeelewa," alisema. "Tungeita ukoo, tungeongea, mambo ingeisha. Mais huyu hapana kitu. Mutu mwenye anaenda juu ya hapana kitu, utamuzuia aje?"

"Njo maana tunaisoma, Président," Madame akajibu.

"Kuko hadithi zingine muzuri mu hiki kitabu. Ile ya bibi mwenye anangoja bwana yake miaka yote, mpaka anarudi. Ile inanigusa." Na alisema kweli, macho yake yalilegea. Kisha akanigeukia. "Papa Kambale, hii ya kivuko itoke. Na sitaki kuona alama ya kisu."

Mkuu wa wakati huo alikubali, ili paa lisiwe na maneno. Nikaamriwa nianze na nakala moja, kamati ije kuiona Jumatatu.

Hapa niwaeleze jambo la kazi, ingawa mnalijua, kwa sababu mengine yanatoka humo. Kitabu kizuri hakigandishwi karatasi moja moja. Ni karatasi pana zilizokunjwa katikati, moja ndani ya nyingine, zikashonwa kwenye mkunjo, na kila kifungu tunakiita cahier. Ukurasa ulio upande huu wa uzi na ule ulio upande wa pili ni karatasi moja. Ukitaka kutoa nusu, unakata na kuacha kipande chembamba cha kushikilia mwenzake. Lakini kipande kile ni alama ya kisu, na mimi nilikatazwa alama. Basi nilitoa karatasi nzimanzima. Hadithi ya kivuko ilikuwa mwanzoni mwa cahier, na mwishoni mwa cahier ileile ndipo ilipomalizikia hadithi ya mke anayengoja. Zikatoka pamoja.

Sikujua nizifanye nini karatasi zile. Kutupa sijazoea. Jumamosi nikazipeleka nyumbani.

Mama Masika alikuwa uani, anachagua maharagi aliyoleta kutoka shambani kwake Musienene. Jina lake la nyumbani lilikuwa Kavira, lakini tangu binti yetu wa kwanza azaliwe niliitwa Papa Masika na yeye Mama Masika, na majina yetu tukayaacha kama nguo zilizobana.

"Ni kazi gani hiyo unaleta hapa?" akauliza.

"Ni hadithi. Wameifukuza shule."

"Imefanya nini?"

"Isikilize wewe, halafu uniambie."

Nikamsomea, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, sentensi moja moja. Aliendelea kuchagua maharagi mpaka nilipofika kwenye jiwe. Hapo mikono ikatulia ndani ya ungo.

"Alikula nini?"

"Mukate."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Hakumegea mutu?"

"Hapakuwa na mutu."

Akacheka kidogo kwa pua, kama mtu aliyesikia jambo la aibu lililo tamu. "Rudia pale pa jiwe." Nikarudia. Halafu akaonyesha kurasa za upande wa pili. "Na huyu?"

"Huyu alingoja bwana yake."

"Akarudi?"

"Akarudi."

"Mm," akasema, akarudi kwenye maharagi.

Jumatatu rais wa kamati alikuja na wenzake wawili. Alikipokea kitabu, akakizungusha, akasifu mgongo wake. Kisha, kwa kupenda kwake, akaanza kutafuta hadithi yake ya mke anayengoja. Akaipata, akasoma, midomo ikienda polepole, akageuza ukurasa, akajikuta katika hadithi ya watu wengine kabisa.

"Mwisho wangu uko wapi?"

Nikamweleza kuhusu karatasi pana na mkunjo. Nilimwambia pia kwamba ningeweza kukata na kubakiza kipande, lakini alama ingeonekana. Alisimama akiwa ameshika kitabu wazi. Mwenzake mmoja, fundi wa viatu, akaanza kutikisika mabega.

"Président, huyu wa kivuko ameenda na bibi yako."

Rais akamtazama kwa ukali, kisha naye akashindwa. Walicheka mpaka mkuu akaja kuona kuna nini. "Bon," rais akasema akijifuta macho, "basi irudishe. Siwezi kubaki bila kujua kama bwana alifika." Ndivyo hadithi ilivyobaki kitabuni. Wengine wamesema mimi ndiye niliyeiokoa. Si kweli. Nilifanya nilichoagizwa, na karatasi zikafanya za kwao.

Lakini nyumbani haikuishia hapo. Jioni moja Mama Masika aliniambia, huku akinawa mikono, "Papa Masika, nataka kwenda ku Beni." Beni ni mji ulio chini yetu, kwenye joto, mtu huenda na kurudi siku moja.

"Kuko nini?"

"Hapana kitu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimefika Beni mara nyingi," akasema. "Juu ya uzazi wa mudogo yangu, juu ya kilio ya shangazi, juu ya kuuzisha maharagi na kuleta mafuta ya mawese. Kila mara na muzigo mu kichwa. Beni naijua kwa miguu tu. Sura yake siijue. Nataka siku moja, mikono mitupu. Niende, nikae, nirudi."

 Si kwamba nilikataa. Sikuwa na mahali pa kuliweka jambo hilo. Kwetu, mke anayesafiri hupita kwanza kwa mkubwa wa familia, husema anakokwenda na sababu, na mkubwa humwombea njia. Mkubwa wetu alikuwa Yaya Paluku, kaka yangu, ambaye ua wake unapakana na wetu. Ndiye aliyepeleka mbuzi wa mahari kwa wazazi wa Kavira kule Kipese, na alijiona kama mlinzi wa safari ile ya mbuzi maisha yote. Si mtu mbaya. Watoto wangu walipougua alilala mlangoni.

Mama Masika akavaa kitenge chake kizuri, akaenda kumwambia ukweli. Alirudi upesi.

"Amesema nini?"

"Amesema hawezi kuniombea. Ati Mungu atamuuliza ni safari ya nini, na yeye atakosa jibu."

Alivua kitenge, akakikunja, akakirudisha sandukuni. Sikumsikia akilaumu mtu. Lakini kuanzia wakati ule nilijua kuna kitu kimoja mke wangu anakitaka, kwamba hakigharimu chochote, na kwamba hakuna aliyejua namna ya kumpa.

Masika, binti yetu, aliyekuwa msichana mkubwa, aliona ni jambo rahisi. "Mama, sema tu unaenda kuona mudogo yako. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," mama yake akamjibu. "Nikienda na sababu, itakuwa tena ile safari ya kila siku."

Majirani nao walijaribu kumsaidia. Mmoja alimtolea mgonjwa wa kumtembelea, mwingine mtoto wa ubatizo. Kila mtu alikuwa na sababu ya kumwazima, na yeye alizirudisha zote. Mimi nilifikiri moyoni kwamba ni ukaidi, na siku nyingine nilifikiri ni jambo kubwa. Nilikuwa nashona vitabu, sikuwa na cheo cha kuamua.

Kisha njia yenyewe ikaharibika kwa vita. Mnaikumbuka miaka ile, hamkuwa wadogo sana. Magari yaliteremka Beni kwa kusindikizwa na askari, na watu walisali kabla ya kupanda hata kama walikuwa na sababu nzuri. Hata mimi singemruhusu, na yeye hakutaja. Kwenye atelier zilikuja kazi nyingi za vitabu vilivyotoka shule za vijijini zilizokimbiwa, vimelowa, vimekanyagwa. Vitabu vya namna hiyo msivikaushe juani. Tenganisheni karatasi kwa mfupa, wekeni gazeti katikati, badilisheni gazeti asubuhi na jioni, na msiwe na haraka ya kuuliza mwenyewe yuko wapi.

Njia ikatulia kidogo. Watoto walikuwa wameoa na kuolewa. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama Masika amekaa kizingitini, mikono juu ya magoti, anatazama tu upande wa mteremko. Hakuwa amechoka wala hakuwa mgonjwa. Nilikumbuka maneno ya Madame Agnès juu ya mwanamke wa dirishani. Yule wa vitabuni nilimhurumia kila mara, na huyu nilikuwa nampita nikiingia kutafuta chakula.

Nikakaa karibu yake. "Ile Beni," nikasema, "bado unaitaka?"

"Bado."

"Kesho tutaenda pamoja kwa Yaya."

Yaya Paluku alikuwa anakunywa chai. Alituona tumevaa vizuri, akaweka kikombe chini.

"Nani amekufa?"

"Hapana mutu, Yaya," nikasema. "Mama Masika anaenda ku Beni."

"Kufanya nini?"

"Hapana kitu."

Akanitazama, akamtazama shemeji yake, akarudi kwangu. "Kambale. Unajua maana ya ile neno?"

"Najua."

"Batu wataniuliza."

"Utawaambia vile nimekuambia. Hapana kitu. Hakuna mugonjwa, hakuna kilio, hakuna soko. Anaenda, anakaa, anarudi. Sisi hatuna neno ingine, na hatutaki kukudanganya."

  Yaya aliitazama chai yake mpaka ikaota utando. Kisha akainuka, akaweka mkono juu ya kichwa cha Mama Masika, akafumba macho. Tukasubiri.

"Mungu," akasema, "huyu anaenda Beni. Wewe unajua. Amina."

Kazi ngumu, kumbe, ilikuwa mbele. Habari ilipoenea kwamba anateremka Beni, watu wakaanza kuja. Jirani alileta kidumu kitupu, akitaka kijazwe mawese. Mke wa Yaya alitaka samaki wa chumvi. Masika alituma ujumbe, kama mama anakwenda basi amletee nguo za mtoto, kule ni bei rahisi. Yaya mwenyewe alikuja usiku ukianza kuingia, akikohoa kwa adabu.

"Shemeki, kwa vile unaenda tu bure, utanichukulia tumbako kwa yule rafiki yangu wa karibu na camp ya basoda, kule kwa askari."

"Hapana, Yaya. Unisamehe."

"Tumbako tu. Haina uzito."

"Njo itakuwa sababu."

Yaya akafikiri. Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ni kweli," akasema. "Tayari nilimwambia Mungu hapana kitu."

Asubuhi nilimsindikiza mpaka penye moto, yaani pikipiki za abiria. Kijana wa pikipiki akatafuta mzigo wa kufunga nyuma, akakosa. Mama Masika alikuwa na leso iliyofungiwa nauli na koti langu la baridi, basi. Nami nilipomsaidia kupanda nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ukipitia soko, kuko uzi ya nailoni..."

Alinigeukia.

"Hapana," nikasema. "Uzi iko."

Uzi haukuwepo. Siku ile nilikaa kwenye atelier bila kazi ya maana, nikapiga msasa mfupa ambao ulikuwa laini tayari. Saa za alasiri nikarudi nyumbani mapema, nikapika maharagi. Yaliungua chini na juu yakabaki magumu, jambo ambalo sikudhani linawezekana katika sufuria moja.

Alirudi jua likiwa bado juu ya paa, vumbi limempaka uso mzima isipokuwa mistari ya macho. Alinawa, akakaa, nikampakulia. Alikula yale maharagi bila kutoa neno la kuyahukumu. Nilikuwa na maswali mengi kiasi kwamba nilishika kijiko kwa mikono miwili.

"Hauniulize?" akasema.

"Hapana."

 Mama Masika akavuta sahani yangu, akanihamishia maharagi yake yaliyoiva kidogo kuliko yangu.

"Kule kuko joto," akasema.

Ndiyo yote niliyopata siku ile. Mengine alinipa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata, bila kuombwa, kwa kawaida tukiwa tunafanya jambo lingine. Siku moja akipepeta, alisema kwamba kakao ikianikwa juu ya maturubai inanuka kama pombe inayoanza kuchacha, na kwamba alisimama pale mpaka wanawake wa kazi wakamsalimia mara ya pili. Siku nyingine alisema alinunua sucré baridi, kinywaji cha sukari, akainywa mpaka mwisho wa chupa, polepole, bila kumbakizia mtu. Na mara moja, tukitoka misani, alinishika mkono akaniambia kwamba alikuwa amesimama kando ya barabara, na soda mmoja, yaani askari, mtoto wa Kinshasa, akamuuliza kwa Kilingala, "Mama, ozali kozela nani?" Unangoja nani.

"Nikamwambia, hapana mutu. Akaingia mu kibanda yake, akaniletea kiti."

"Ukakaa?"

"Nikakaa."

Hakwenda tena. Nilimwambia akitaka anaweza. Akasema labda. Shamba lilimwita, wajukuu walimwita, kisha tension ikampata, ile ya damu, na miguu ikaanza kuvimba. Katika siku zake za mwisho hakutaja Beni, wala mimi sikuitaja. Alinitaka nimfungulie dirisha, nikafungua.

Kwenye kilio watu walisema mambo mazuri na ya kweli. Kwamba alikuwa mama wa kazi, kwamba maharagi yake hayakuwa na mawe, kwamba hakuna mgeni aliyeondoka kwake na njaa. Nilisikiliza, na kila sifa ilikuwa mzigo mmoja wa kichwani.  Ndipo Yaya Paluku, ambaye sasa anatembelea fimbo, akainuka kwa kusaidiwa.

"Musisahau," akasema. "Alienda Beni."

Watu wakamtazama. Mmoja akauliza taratibu, "Kufanya nini, Mzee?"

"Hapana kitu," Yaya akajibu, akakaa.

Wanawake waliokuwa nyuma ndio walioanza kucheka, kicheko kilekile cha puani alichokuwa nacho yeye, na nikaona kwamba wengi wao walikuwa wanalia.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kukabidhi funguo ilikuwa ile nakala ya hadithi za zamani, iliyovunjika palepale. Nimeishona. Msishangae ikirudi kwenu, na msikaze uzi kwa hasira. Kitabu kinachosomwa lazima kifunguke.

Na jambo la mwisho. Tangu mazishi nimejaribu kuipanga ile siku ya Beni iwe nzima, toka asubuhi hadi alasiri. Nina asubuhi ya pikipiki, kwa sababu nilikuwepo. Nina kakao, nina chupa ya sucré, nina yule askari na kiti chake. Kuanzia pale alipokaa kwenye kile kiti mpaka alipopanda pikipiki ya kurudi, sina kitu. Ningeweza kubuni, najua joto la Beni na najua uso wake. Lakini kurasa zile zilikuwa zake, na hakunipa. Hapo nimeweka nyeupe.